Soya Inadai Gramu, Ruzuku Inahesabu Mifuko

Kujua kama soya inafanya kazi yake shambani hakuhitaji maabara. Mimea ikianza kuchanua, wiki ya sita au ya saba tangu kupanda, mkulima achimbe mche mmoja kwa jembe pamoja na bonge lake la udongo. Asiung'oe, maana ukivutwa vifundo vya mizizi hukatika na kubaki ardhini. Auzamishe kwenye ndoo ya maji mpaka udongo ujiachie wenyewe, kisha achukue kifundo kimoja na kukipasua kwa ukucha wa dole gumba. Ndani kikiwa chekundu au cha waridi, bakteria wako kazini. Kikiwa cheupe, cha kijani au kimeoza, mmea huo unaila naitrojeni ya udongo sawa na mahindi, na yote yanayosemwa kuhusu soya kurutubisha ardhi hayamhusu mkulima huyo msimu huu.

Wekundu huo hutokana na protini yenye madini ya chuma, jamaa wa karibu wa ile inayoipa damu ya binadamu rangi yake. Kazi yake ni kuwapimia bakteria wa rizobia oksijeni: wapate ya kuwatosha kupumua, lakini isizidi ikaharibu kimeng'enya kinachokamata naitrojeni ya hewa. Kimeng'enya chenyewe, naitrojenesi, kina katikati yake kifungu kidogo cha atomu saba za chuma na atomu moja ya molibdenamu. Viwanda vya mbolea huifanya kazi hiyo kwa joto la nyuzi 400 na zaidi, chini ya mgandamizo unaozidi ule wa hewa ya kawaida zaidi ya mara mia. Kifundo cha soya huifanya ndani ya udongo wa kawaida, asubuhi ya baridi ya Songea, bila moshi wala umeme. Bila ile atomu moja ya molibdenamu, hakiwezi.

Kwa miaka mingi wakulima wa Tanzania na Kenya wameambiwa kwamba soya hujitengenezea mbolea yake, na kwamba anayeipanda mwaka huu atavuna mahindi mazuri zaidi mwakani. Ni kweli, ila ina masharti. Masharti hayo ndiyo yanayoachwa nje kwenye mikutano ya ugani na kwenye mipango ya ruzuku, na mengi yake hupimwa kwa gramu. Kilimo cha nchi hizi kimejengwa juu ya hesabu ya mifuko ya kilo 50. Kitu ambacho hekta nzima inakihitaji kwa gramu 20 hakionekani katika hesabu ya namna hiyo.

Hasara yake ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Tani moja ya punje za soya huondoka shambani na kilo 60 au zaidi za naitrojeni, kwa kuwa zaidi ya theluthi ya uzito wa punje ni protini. Tafiti zilizokusanywa kutoka nchi nyingi zinaonyesha kuwa, kwa wastani, nusu hadi asilimia 60 ya naitrojeni ya mmea hutoka hewani. Nyingine yote hutoka ardhini. Vifundo visipofanya kazi, karibu mzigo wote unaiangukia ardhi. Punje zikishafungwa kwenye magunia na kwenda sokoni, na mabua yakichomwa au yakibebwa kwenda zizini, shamba linabaki maskini kuliko lilivyokuwa kabla ya kupandwa. Hapo ndipo mkulima anapoona mahindi ya mwaka unaofuata yana njano ileile ya siku zote, na kuamua kwamba habari za mzunguko wa mazao ni hadithi. Hakudanganywa na soya. Alipewa nusu ya maelezo.

Australia ilijifunza jambo hili zaidi ya miaka 80 iliyopita. Katika vilima vya Meadows, karibu na Adelaide, malisho ya klova, ambayo nayo ni ya jamii ya kunde, yalikuwa yakidumaa hata baada ya kutiwa fosfeti. Mtafiti A. J. Anderson aliona kuwa majivu ya kuni yanayainua malisho hayo, akafuatilia ni kipi hasa ndani ya majivu kinachofanya hivyo. Mwaka 1942 alitoa jibu: molibdenamu. Baadaye ikadhihirika kuwa wakia moja au mbili za chumvi ya madini hayo kwa ekari zinatosha kwa miaka kadhaa, na maeneo makubwa ya malisho yaliyoonekana hayana thamani yakageuka kijani.

Udongo mwekundu wa Nyanda za Juu Kusini una sababu zote za kuwa na shida ya namna hiyo. Mvua nyingi za karne kwa karne zimeondoa kalsiamu na magnesiamu, na asidi imepanda. Katika udongo wenye asidi, molibdenamu hunasa kwenye oksaidi za chuma, zilezile zinazoupa udongo wekundu wake, na mizizi haiwezi kuibandua. Chokaa ya kilimo huifungua. Ndiyo maana mara nyingine soya iliyowekewa chokaa hubadilika rangi ndani ya wiki chache hata kama haikupewa kitu kingine: sumu ya alumini imepungua, na molibdenamu iliyokuwamo siku zote imeachiwa. Tanzania ina miamba ya chokaa, ikiwemo ya Songwe, jirani kabisa na mashamba ya Mbeya. Kinachokosekana ni chokaa iliyosagwa vizuri, kwa bei ambayo nauli ya lori haijaimeza.

Nchi iliyoichukua sayansi hii kwa dhati ni Brazil. Nyika za Cerrado zilikuwa zikidharauliwa hadi katikati ya karne ya 20 kwa asidi na ufukara wake. Katika miaka ya 1950, Mmarekani Colin McClung na wenzake walianza kuonyesha kwa majaribio kuwa ardhi ile ikipewa chokaa, fosfeti na virutubisho vidogo inazaa. Kisha Johanna Döbereiner, mwanasayansi wa bakteria wa udongo, akasimamia msimamo kwamba soya ya Brazil ilelewe kwa rizobia, isitegemee mbolea ya naitrojeni. Leo Brazil inaongoza duniani kwa soya, ikivuna zaidi ya tani tatu kwa hekta, na sehemu kubwa ya zao hilo haitiwi mbolea ya naitrojeni. Mwaka 2025, Mariangela Hungria wa shirika la utafiti la Embrapa alipewa Tuzo ya Chakula Duniani kwa kazi yake juu ya bakteria hao.

Jambo linalosimuliwa mara chache ni kwamba mapendekezo ya Brazil hayaishii kwenye chanjo ya bakteria, yaani rizobia wanaopakwa kwenye mbegu. Mkulima hushauriwa pia kuweka gramu 12 hadi 25 za molibdenamu na gramu mbili hadi tatu za kobalti kwa hekta. Kobalti ni kwa ajili ya bakteria wenyewe, wanaotengeneza vitamini B12 ili waweze kuishi na kuzaana ndani ya kifundo. Na hapo Wabrazili walikutana na tatizo: chumvi hizo zikipakwa kwenye mbegu pamoja na chanjo, huwaua baadhi ya bakteria. Wakahamia kupulizia majani mimea ikiwa michanga. Wakaenda mbali zaidi, wakawa wanapulizia molibdenamu kwenye mashamba ya mbegu ili punje zenyewe zizaliwe na akiba.

Hoja hii ya mbegu inawagusa wakulima wa Afrika Mashariki moja kwa moja, na inashangaza jinsi isivyozungumzwa. Wengi wao hupanda mbegu waliyoihifadhi wenyewe, au waliyoinunua kwa jirani. Punje ya soya ni kubwa kiasi cha kubeba molibdenamu ya kuuanzishia mmea maisha yake, na wakati mwingine ya kuutosha msimu mzima. Lakini punje iliyotoka kwenye shamba lenye upungufu huzaliwa bila akiba hiyo. Mkulima anayepanda mbegu ya shamba lilelile mwaka hadi mwaka anaurithisha upungufu pamoja na mbegu, na jicho haliwezi kuuona.

Virutubisho vidogo vingine navyo vina tabia zake. Boroni ikipungua, ncha za mmea hufa na maua hupukutika kabla ya kufunga maganda. Zinki ikipungua, majani hubaki madogo, yenye rangi ya shaba katikati ya mishipa, na mmea hudumaa. Manganizi na chuma huadimika zaidi kwenye udongo wenye chokaa nyingi, na majani machanga hugeuka njano huku mishipa ikibaki kijani. Nikeli ilikubaliwa kuwa kirutubisho cha lazima baada ya majaribio yaliyofanywa kwa soya yenyewe na kuchapishwa mwaka 1983: mimea iliyonyimwa nikeli ilirundika urea kwenye ncha za majani hadi ncha zikaungua.

Wakulima wa Kenya magharibi wanaifahamu hali ambayo watafiti huiita ya shamba lisiloitikia. Mradi wa N2Africa, ulioanza mwaka 2009 na kuongozwa na Chuo Kikuu cha Wageningen, ulisambaza chanjo za rizobia na mbolea ya fosfeti kwa wakulima wa kunde katika nchi nyingi za Afrika. Wengi walipata mavuno zaidi. Lakini kulikuwa na mashamba ambako hakuna kilichobadilika, na mara nyingine shamba la jirani, hatua chache tu kando, liliitikia vizuri. Fosfeti ilikuwepo, bakteria walikuwepo, na bado kitu kilikosekana. Mbolea ya Sympal, iliyotengenezwa Kenya mahsusi kwa jamii ya kunde, ni jibu la swali hilo: haina naitrojeni, ina fosfeti na potasiamu, na ndani yake kumewekwa kalsiamu, salfa, magnesiamu na zinki kidogo.

Linganisha hiyo na mfuko ambao mkulima wa kawaida hukutana nao dukani. DAP ina naitrojeni na fosfeti, basi. Urea ina naitrojeni peke yake. Mbolea ya zamani ya superfosfeti ya kawaida, iliyokuwa nzito na ghali kusafirisha, ilikuja na salfa na kalsiamu ndani yake, na uchafu wake ulibeba hata chembe za zinki. Dunia ilipohamia kwenye mbolea safi zenye nguvu nyingi ndani ya mfuko mdogo, nauli ilipungua, na hivyo vingine vikaachwa nyuma kimyakimya. Mashamba yamevunwa kwa miongo kadhaa tangu hapo. Kila tani ya soya huondoka na zinki ya kama gramu 40, pamoja na boroni, manganizi na shaba. Gramu 40 ni kidogo. Zikizidishwa kwa misimu 30, bila samadi na bila kurudisha mabua, zinakuwa deni la kweli.

Si kwamba mambo haya hayajulikani. Mwaka 1982, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilichapisha uchunguzi wa Mikko Sillanpää wa virutubisho vidogo katika nchi 30, Tanzania ikiwemo, na zinki na boroni zilikuwa miongoni mwa vilivyoonekana kupungua sana. Mwaka 2017, Job Kihara na wenzake walikusanya matokeo ya majaribio kutoka sehemu mbalimbali za Afrika kusini mwa Sahara na kukuta kuwa kuongeza salfa na virutubisho vidogo juu ya mbolea ya kawaida kuliinua mavuno ya mahindi kwa takriban robo. Ethiopia haikuishia kusoma ripoti. Kuanzia mwaka 2012 ilipima udongo wake wilaya kwa wilaya kupitia mradi wa EthioSIS, ikakuta upungufu wa salfa, boroni na zinki katika maeneo mapana, na badala ya kuendelea kuagiza DAP ikaanza kusambaza mbolea mchanganyiko zenye virutubisho hivyo. Mchanganyiko huo umebishaniwa na wanasayansi, na ni haki ubishaniwe, kwa sababu mbolea moja haiwezi kuifaa wilaya nzima. Lakini Ethiopia inabishana ikiwa na ramani mezani.

Tanzania nayo haianzii sifuri. Kituo cha Mlingano, Tanga, cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI), ndicho chenye dhamana ya utafiti wa udongo, na TARI Uyole, Mbeya, imetoa aina za soya zinazobeba jina lake. Kiwanda cha Minjingu, Manyara, hutengeneza kutokana na fosfeti ya nchini mbolea ya Minjingu Mazao, iliyoongezwa salfa, zinki, shaba na boroni. Soya imekuwepo nchini tangu Wajerumani walipoijaribu Amani, Usambara, mwaka 1907. Soko nalo limefunguka: mwaka 2020 China ilikubali kununua soya ya Tanzania. Na bado wastani wa mavuno unazungukia tani moja kwa hekta, chini ya theluthi ya ule wa Brazil. Kuongeza ekari bila kugusa lishe ya mmea ni kusafirisha rutuba ya Ruvuma kwenda ng'ambo, na bei ya gunia haimlipi mkulima kwa rutuba hiyo.

Hapa lazima pawe na tahadhari, kwa sababu biashara imeshatangulia mbele ya sayansi. Madukani kumejaa chupa za busta. Kibandiko kinaahidi maua mengi na maganda yaliyojaa. Kiasi cha boroni au molibdenamu kilichomo kimeandikwa kwa herufi ndogo mno, au hakikuandikwa kabisa. Mkulima hupulizia kwa kipimo cha kizibo, akiongeza kidogo kwa moyo mweupe ili kazi iwe nzuri zaidi. Virutubisho vidogo havivumilii ukarimu huo. Kati ya boroni inayoponya na boroni inayounguza pana nafasi finyu sana, na ikimwagwa kwenye mstari wa mbegu inaweza kuzuia uotaji. Molibdenamu ikizidi kwenye majani haiudhuru mmea haraka, ila ng'ombe anayekula mabua hayo hupungukiwa na shaba mwilini, akaharisha na kukonda. Fosfeti nyingi huizuia zinki. Chokaa iliyopitiliza huifunga zinki na manganizi. Virutubisho hivi ni kama chumvi ya mboga: bila hiyo chakula hakiliki, na ikizidi hakuna wa kuitoa chunguni.

Kwa hiyo anayesema kila mkulima wa soya anunue chupa anakosea sawasawa na anayesema soya haihitaji kitu. Kinachotakiwa ni kupima kwanza.

Kuna sababu nyingine ya kuyajali haya, nayo iko jikoni. Soya nyingi inayobaki nchini huishia kwenye chakula cha kuku na kwenye unga wa lishe, ule ambao mama huchanganya na mahindi, ulezi na karanga kumpikia mtoto uji. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionyesha kuwa takriban asilimia 17 ya watu duniani wako katika hatari ya kukosa zinki ya kutosha, na Afrika kusini mwa Sahara ni miongoni mwa maeneo yaliyoelemewa zaidi. Mtoto mwenye upungufu huo hudumaa na huharisha mara kwa mara. Punje iliyoota kwenye udongo wenye zinki kidogo huwa na zinki kidogo, na tayari asidi ya fitiki iliyomo ndani ya soya huzuia sehemu ya hiyo iliyopo isifyonzwe tumboni. Pengo linaloanzia shambani linafika hadi kwenye kikombe cha uji, na hakuna mama anayeweza kuliona kwa macho.

Wakulima wa zamani walikuwa na njia zao za kurudisha kile kinachochukuliwa. Wamatengo wa Mbinga, katika miteremko yao ya ngoro, hulaza nyasi zilizofyekwa na kuzifukia kwa udongo zioze chini ya matuta. Wafipa wa Sumbawanga hufanya linalofanana na hilo kwenye matuta ya duara. Mboji hiyo hushikilia boroni na salfa zisisombwe na mvua, na huiweka zinki katika hali ambayo mizizi inaweza kuipata. Samadi hufanya vivyo hivyo, ikileta kidogokidogo karibu kila kirutubisho ambacho mfuko wa urea hauna. Afisa ugani anayemhimiza mkulima asichome mabua ya soya anamwokolea zinki na boroni, ingawa huenda hajawahi kumwambia hivyo.

Serikali ya Tanzania, nayo, ina jambo la kufanya kabla ya mvua za kusini. Mfumo wa ruzuku tayari unamsajili mkulima na kumpa namba. Usajili huo uulize pia ekari za jamii ya kunde, na mwenye soya aruhusiwe kutumia haki yake kununulia chokaa, chanjo ya rizobia na mbolea ya kunde yenye zinki na boroni, badala ya kulazimika kuchukua mfuko uliotungwa kwa ajili ya mahindi. Kila busta inayouzwa ionyeshe mbele ya chupa, kwa Kiswahili na kwa herufi zinazosomeka, gramu za kila kirutubisho na kipimo kwa ekari. Vipimo vya udongo vinavyosomwa na maafisa ugani visiishie kwenye asidi, naitrojeni, fosforasi na potasiamu. Zinki na boroni ziingie, na majibu yamfikie mkulima kabla hajapanda.

Wakati hayo yakisubiriwa, kuna jaribio ambalo kikundi chochote cha wakulima kinaweza kulifanya msimu huu kwa gharama ndogo. Shamba moja ligawanywe vipande vinne: kimoja bila kitu, cha pili chanjo na fosfeti, cha tatu chanjo, fosfeti na chokaa, cha nne hivyo vyote pamoja na virutubisho vidogo kwa kipimo kilichoelekezwa. Wiki ya saba vichimbwe vifundo vitano kutoka kila kipande na kupasuliwa mbele ya wote. Wakati wa kuvuna, kila kipande kipimwe kwa debe lilelile, matokeo yaandikwe, na karatasi hiyo ipelekwe ofisi ya kata pamoja na maombi ya pembejeo ya mwaka unaofuata.